Ziara za Shule za Mtandaoni katika Nyumba za Kihistoria za Familia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya walimu, wakuu wa shule na wazazi wanaofikiria kuwapeleka wanafunzi, kwa njia ya skrini, katika nyumba ambayo zamani iliishi familia na sasa imehifadhiwa kwa sababu ya historia yake. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani kwa uzito: suala la vifaa hujibika kwa aya moja au mbili, ilhali suala la kilicho cha asili na kilichoundwa upya, au la watu waliofanya kazi ndani ya nyumba bila majina yao kuandikwa mlangoni, lingestahili kipindi kizima.

Ziara ya mtandaoni ni kitu gani hasa, na inatofautianaje na kuwaonyesha wanafunzi video?

Ziara ya mtandaoni ni somo ambalo wanafunzi huingia mahali halisi kupitia skrini huku wakiwa na uwezo wa kuamua jambo fulani: kuuliza swali likajibiwa papo hapo, kugeuza picha wakatazama kilicho nyuma ya mlango, au kurudi katika chumba walichokwisha kukipita kwa sababu wameona kitu kisichopatana na walichoambiwa. Video nzuri ina nafasi yake darasani, lakini hupita kwa mwendo uleule hata kama darasa zima limeshangazwa na jambo moja. Kipimo ninachokitumia ni hiki: ikiwa hakuna swali hata moja la mwanafunzi lililobadilisha mwenendo wa ziara, basi darasa limetazama video, hata kama iliitwa ziara.

Kwa kawaida ziara hizi huwa za namna mbili. Ya kwanza ni ile ya moja kwa moja, ambapo mwongozaji aliye ndani ya nyumba huzungumza na darasa kwa simu ya video. Ya pili ni ya kujiongoza, ambapo vyumba vimepigwa picha za nyuzi 360, yaani zinazoonyesha pande zote za chumba, na mtazamaji husogea mwenyewe kutoka chumba hadi chumba.

Kwa nini nyumba ya familia, wakati kuna ngome, makasri na makumbusho makubwa?

Kwa sababu kila mtoto tayari anajua kuisoma nyumba. Anajua kwamba jikoni kuna anayeamka mapema kuliko wengine, kwamba sebuleni huwekwa vitu ambavyo wageni wanatakiwa kuviona, na kwamba chumba cha kulala kinasema ukweli ambao sebule haiusemi. Kasri lilijengwa ili litazamwe, kwa hiyo mtoto analitazama na kuishia hapo. Nyumba ilijengwa ili watu walale, wapike, wagombane na wapatane ndani yake, na mtoto anapoiingia huanza mara moja kuilinganisha na ile anayoifahamu. Ulinganisho huo ndio mwanzo wa kufikiri kihistoria, na haumgharimu mwalimu chochote kuuanzisha.

Chukua mfano wa nyumba ya Abraham Lincoln mjini Springfield, katika jimbo la Illinois nchini Marekani. Aliinunua mwaka 1844 ikiwa nyumba ndogo, akaipanua hadi ghorofa mbili kamili katikati ya miaka ya 1850 kadiri familia na kipato chake vilivyoongezeka, na akaishi humo hadi Februari 1861 alipoondoka kwenda Washington kuwa rais. Katika sebule ya nyumba hiyo, tarehe 19 Mei 1860, ujumbe wa chama chake ulikuja kumwarifu rasmi kwamba ameteuliwa kugombea urais. Katika nyumba hiyohiyo, tarehe 1 Februari 1850, alifariki mtoto wake Edward kabla hajatimiza miaka minne. Mwanafunzi anayepita katika vyumba hivyo hukutana na historia ya taifa na msiba wa wazazi chini ya paa moja, na hapo hahitaji kuambiwa kwamba watu wa historia walikuwa binadamu.

Tuchague nyumba gani?

Umaarufu wa mwenye nyumba ni kigezo kimoja tu, na pengine si cha kwanza. Mimi ningeanza na mambo matatu: nyumba iwe na kumbukumbu za kutosha kuhusu vyumba na vitu vyake, wahifadhi wake wawe tayari kusema wazi ni nini wanachokijua na ni nini wamekikisia, na hadithi yake igusane na somo ambalo darasa linalisoma muhula huo. Nyumba isiyo na uhusiano na mtaala huacha kumbukumbu ya kupendeza na kufifia baada ya wiki mbili.

Nyumba ndogo hufundisha vizuri kama nyumba kubwa, na wakati mwingine kuzidi. Nyumba namba 8115 katika mtaa wa Vilakazi, Orlando West, Soweto, ambako Nelson Mandela alihamia mwaka 1946, ni nyumba ya matofali yenye vyumba vichache tu. Lakini kuta zake zina alama za risasi na za moto wa mabomu ya petroli, kwa kuwa familia iliendelea kushambuliwa humo wakati yeye akiwa gerezani. Baada ya kuachiliwa mwaka 1990 alirudi akakaa humo siku 11 tu kabla ya kuhamia kwingine. Mwalimu anaweza kuitumia alama moja ya risasi kwa nusu ya kipindi: risasi ilitoka upande gani, nani alikuwa ndani, na kwa nini wahifadhi hawakuliziba tundu hilo?

Ipi ni bora: ziara ya moja kwa moja au ya kujiongoza?

Kwa darasa linalofanya jambo hili kwa mara ya kwanza, ninashauri ziara ya moja kwa moja. Mwongozaji mwenye uzoefu huona nyuso za wanafunzi, hujua wamechoka lini, na huweza kuinama akaonyesha chini ya meza kitu ambacho kamera ya nyuzi 360 haikukifikia. Ziara ya kujiongoza ina ubora mwingine, kwamba haina haraka: kikundi cha wanafunzi wanne kinaweza kubaki chumba kimoja kwa dakika ishirini wakibishana kuhusu picha iliyo ukutani. Walimu wengi walioizoea kazi hii huunganisha njia zote mbili, wakiwapa wanafunzi picha za nyuzi 360 siku mbili kabla, ili siku ya kukutana na mwongozaji waje na maswali yaliyotokana na macho yao wenyewe.

Ziara huchukua muda gani?

Dakika 30 hadi 45 za mazungumzo ya moja kwa moja zinatosha kwa wanafunzi wa shule ya msingi, na saa moja kwa wa sekondari. Muda wa skrini ukizidi hapo, maswali hupungua hata kama utulivu unaendelea.

Ziara inafaa kwa wanafunzi wa umri gani?

Watoto wa miaka sita au saba wanaweza kushiriki vizuri iwapo ziara itahusu vyumba viwili au vitatu na vitu wanavyovifahamu kwa matumizi: kitanda, jiko, taa, mahali pa kufulia nguo. Kuanzia miaka kumi hivi, wanafunzi huwa tayari kushughulikia swali la ushahidi, yaani tumejuaje. Miwani ya uhalisia pepe, inayomfanya mvaaji ajione kama yuko ndani ya mahali panapoonyeshwa, ni suala la pekee, kwani watengenezaji wake huweka umri wa chini wa mtumiaji, na mwalimu anapaswa kuusoma kabla ya kuwapa watoto. Binafsi siioni kuwa ya lazima. Wanafunzi arobaini wanaotazama ukuta mmoja huzungumza wao kwa wao, lakini kila aliyevaa miwani hiyo yuko peke yake.

Tunahitaji vifaa gani, na intaneti ya kiasi gani?

Kompyuta mpakato moja, projekta au televisheni kubwa, spika zinazosikika hadi safu ya nyuma, na kipaza sauti kinachoweza kupelekwa kwa mwanafunzi anayeuliza vinatosha. Kati ya hivyo vyote, kipaza sauti ndicho kinachosahaulika, nacho ndicho kinachoamua kama ziara itakuwa mazungumzo au hotuba. Darasa linalokusanyika mbele ya skrini moja hutumia muunganisho mmoja, na simu ya video ya kikundi hutumia takriban kati ya megabaiti 800 na gigabaiti 2.4 kwa saa kulingana na ubora wa picha. Kupunguza ubora wa picha kwa makusudi, kabla haujapunguzwa na mtandao wenyewe, ni hatua ya busara, kwa kuwa sauti inayokatika huharibu somo kuliko picha yenye ukungu.

Fanya jaribio na mwongozaji siku chache kabla, katika chumba kilekile na saa ileile ya siku. Chumba chenye mwangaza mkali wa dirisha saa za mchana kinaweza kuifanya projekta isionekane kabisa, na jambo hilo haligunduliki katika jaribio la jioni.

Intaneti ikikatika katikati ya ziara tufanye nini?

Uwe na picha kumi za vyumba zilizohifadhiwa kwenye kompyuta au kuchapishwa kwenye karatasi, pamoja na orodha ya maswali ya wanafunzi. Mtandao ukipotea, somo huendelea kwa picha hizo, na maswali yaliyobaki hutumwa kwa barua pepe ili yajibiwe baadaye. Usiutegemeze mpango wa mwaka mzima juu ya programu moja. Programu ya Google Expeditions, ambayo shule nyingi duniani ziliitumia kwa safari za uhalisia pepe, ilifungwa mwaka 2021, na walimu waliokuwa wamejenga masomo yao ndani yake walilazimika kuanza upya.

Wanafunzi waandaliwe vipi kabla ya siku ya ziara?

Hapa ndipo ziara nyingi hufaulu au kuanguka. Kosa la kawaida ni kuwapa wanafunzi wasifu mrefu wa mwenye nyumba wausome wote, halafu ziara ikawa kuthibitisha tu walichokwisha kukisoma. Ni afadhali kuwapa kidogo: picha ya nje ya nyumba, ramani ya vyumba isiyo na majina, na mwaka mmoja. Waulize chumba kipi wanadhani kilikuwa jiko, na kwa nini. Waulize watu wangapi wangeweza kulala humo, na wangelala wapi. Waandike makisio yao, kwa kuwa makisio yaliyoandikwa humfanya mwanafunzi aitazame skrini akitafuta jibu lake mwenyewe.

Kisha mgawie kila mwanafunzi, au kila jozi, kitu kimoja cha kufuatilia katika nyumba nzima. Mmoja anafuatilia mwanga: taa zilikuwa wapi, na jioni watu walikusanyika chumba gani. Mwingine anafuatilia maji: yaliingiaje ndani, na nani aliyabeba. Mwingine milango: ipi ilikuwa ya wageni na ipi ya watumishi. Swali la maji pekee, likifuatwa kwa uaminifu kutoka kisimani hadi kwenye beseni la chumbani, hufichua mgawanyo wa kazi katika kaya nzima kuliko ukurasa wowote wa kitabu.

Jambo la mwisho la maandalizi ni kuyachuja maswali. Darasa litoe maswali thelathini, liyajadili, likubaliane juu ya manane. Maswali yanayojibika kwa neno moja yaondolewe na wanafunzi wenyewe, kwa hiari yao, baada ya kuona kwamba yanapoteza nafasi.

Je, vitu tunavyoviona ndani ya nyumba ni vya asili?

Baadhi ni vya asili, baadhi ni vya wakati uleule lakini havikuwa vya familia hiyo, na baadhi vimetengenezwa upya kwa kufuata ushahidi. Mwongozaji mzuri huvitofautisha bila kusubiri kuulizwa, na ukiona havitofautishi, mwulize wewe mbele ya wanafunzi. Hakuna nyumba inayopungukiwa na heshima kwa kukiri kwamba kiti fulani kilinunuliwa mahali pengine.

Njia ambazo wahifadhi huzitumia kujua zinavutia kuliko vitu vyenyewe. Kwa nyumba ya Lincoln, gazeti la picha la Frank Leslie lilichapisha mwaka 1861 michoro ya vyumba vya nyumba hiyo, na michoro hiyo imewasaidia wahifadhi kupanga samani kama zilivyokuwa. Kwa kuta, mafundi hukwangua tabaka za rangi moja baada ya nyingine, au hutafuta kipande cha karatasi ya ukutani kilichosahaulika nyuma ya ubao, kisha huiga mchoro wake. Kwa vyombo, husomwa stakabadhi, wosia, na orodha za mali zilizoandikwa mtu alipofariki. Mwanafunzi anayeelewa kwamba sebule ya kupendeza anayoiona ni hoja iliyojengwa kwa stakabadhi na mikwaruzo ya rangi, na kwamba hoja hiyo inaweza kusahihishwa, amejifunza jambo litakalomfaa katika kila somo.

Upo pia mfano wa kinyume, nao ni mzito. Mjini Amsterdam, vyumba vya siri ambamo familia ya Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyeandika shajara maarufu, ilijificha dhidi ya Wanazi pamoja na watu wengine wanne vimeachwa vitupu, kwa kuwa samani ziliondolewa baada ya wao kukamatwa, na Otto Frank, baba aliyesalia hai peke yake, alitaka vibaki hivyo. Katika toleo la mtandaoni, hata hivyo, vyumba hivyohivyo vinaonyeshwa vikiwa na samani, vikiundwa upya kama vilivyokuwa wakati wa kujificha. Anayefika Amsterdam huona utupu, na anayetazama skrini huona vitanda na meza. Kipi kinasema ukweli zaidi? Ninaamini ni swali bora kabisa ambalo mwalimu wa sekondari anaweza kuliweka mbele ya darasa lililofanya ziara ya mtandaoni, na sioni haja ya darasa kukubaliana juu ya jibu moja.

Tuzungumzeje kuhusu watumishi na watu waliofanywa watumwa katika nyumba hizo?

Tuzungumze tangu chumba cha kwanza, na kwa majina pale majina yanapojulikana. Nyumba ya kihistoria hubeba jina la mtu mmoja, lakini ilisimama kwa kazi za wengi. Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani na mwenye nyumba ya Monticello katika jimbo la Virginia, aliwamiliki watu zaidi ya 600 katika maisha yake, na ziara ya nyumba hiyo inayotaja maktaba yake na vifaa vyake vya kisayansi bila kuwataja watu hao inasimulia nusu ya nyumba. Tangu mwaka 2018 wahifadhi wa Monticello wana onyesho la maisha ya Sally Hemings, mwanamke aliyefanywa mtumwa na aliyemzalia Jefferson watoto. Onyesho hilo lipo kwa sababu vizazi vyake na watafiti walikataa kunyamaza.

Katika ujirani wa Lincoln aliishi Jameson Jenkins, mwanamume Mwafrika-Mmarekani aliyekuwa mwendesha mkokoteni na aliyewasaidia watu waliokuwa wakitoroka utumwa. Ndiye aliyempeleka Lincoln kituo cha treni asubuhi ya kuondoka kwake mwaka 1861. Nyumba ya Jenkins haipo tena, umebaki uwanja wake tu. Mwombe mwongozaji aelekeze kamera kwenye uwanja huo mtupu, kisha awaache wanafunzi waulize kwa nini nyumba moja ilihifadhiwa na nyingine haikuhifadhiwa.

Kwa watoto wadogo, lugha iwe rahisi lakini isiwe ya uongo. Neno “mtumishi” lisitumike kwa mtu ambaye hakuwa na ruhusa ya kuondoka. Na pasiwepo igizo ambalo mwanafunzi anaombwa kuwa mtumwa au mwenye watumwa, kwa kuwa huumiza na halifundishi chochote ambacho ushahidi hauwezi kukifundisha.

Je, habari za vifo na mateso zitawatisha wanafunzi?

Zinaweza, hasa kwa mwanafunzi aliyefiwa karibuni au ambaye nyumbani kwao hakuna amani. Mwarifu mwongozaji mapema, kwa faragha, na mkubaliane ni chumba kipi kitapitwa upesi. Waambie wanafunzi kabla ya kuingia kitu watakachokisikia, na umruhusu anayetaka kutoka atoke bila kutoa maelezo. Kuficha kabisa sishauri: watoto wanajua kwamba watu hufa majumbani, na nyumba isiyo na msiba wowote hawaiamini.

Mwongozaji akizungumza lugha ambayo wanafunzi hawaielewi vizuri?

Mwalimu awe mkalimani, na muda wa ziara uongezwe takriban nusu. Mwombe mwongozaji akutumie mapema muhtasari wa atakayoyasema, ili majina ya samani na sehemu za nyumba yasikukwame kooni mbele ya darasa. Andaa pamoja na wanafunzi orodha fupi ya maneno: dari, baraza, ubao wa sakafu, kizingiti, bawaba, komeo la mlango, mhimili wa paa. Ukikutana na kitu kisicho na jina katika Kiswahili, kieleze kwa kazi yake, kisha liulize darasa wangekiitaje. Maswali ya wanafunzi wayatamke wenyewe kwa lugha wanayoimudu, kwa kuwa swali linalopita kwa mkalimani bado ni la mwanafunzi, na sauti yake hufika.

Vipi kuhusu wanafunzi wenye ulemavu?

Kwa baadhi yao, ziara ya mtandaoni huwafungulia mlango ambao nyumba yenyewe imeufunga. Ngazi nyembamba za nyumba za kale haziruhusu kiti cha magurudumu, na kuweka lifti mara nyingi kungebomoa kilichokusudiwa kuhifadhiwa, kwa hiyo mwanafunzi asiyeweza kupanda ghorofani anapata kuona ghorofa kwa usawa na wenzake. Kwa mwanafunzi asiyeona, mwombe mwongozaji aeleze kwa maneno kila anachokionyesha: ukubwa wa chumba kwa hatua, rangi, na sauti ya sakafu inapokanyagwa. Kwa mwanafunzi kiziwi, mkalimani wa lugha ya alama aonekane muda wote, na manukuu, yaani maandishi ya maneno yanayosemwa, yahakikiwe kabla, kwa kuwa manukuu ya kompyuta hukosea sana majina ya watu na ya mahali. Maelezo mazuri ya maneno huwafaidi wanafunzi wote, hata wanaoona.

Je, turekodi ziara?

Rekodi kwa ruhusa tu, ya upande wa nyumba na ya upande wa wazazi. Sura, sauti na majina ya watoto ni taarifa zao binafsi. Nchini Marekani, sheria ya faragha ya watoto mtandaoni inawalinda walio chini ya miaka 13, na katika Umoja wa Ulaya umri wa kukubali wenyewe huwekwa na kila nchi kati ya miaka 13 na 16. Njia salama ni kuielekeza kamera ya darasa nyuma ya wanafunzi, kutumia jina la shule pekee kwenye skrini, na kutoisambaza rekodi nje ya darasa. Picha za vyumba nazo zina wenyewe, na nyumba nyingi huruhusu zitumike kufundishia lakini haziruhusu zichapishwe.

Tunapangaje saa na nyumba iliyo nchi ya mbali?

Andika muda kwa mtindo wa saa 24, taja jina la mji, na uweke saa za pande zote mbili katika ujumbe mmoja. Kwa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili kuna hatari ya ziada: “saa nne asubuhi” yetu ni 10:00, na ujumbe uliotafsiriwa kwa haraka humfanya mwongozaji akae peke yake mbele ya kamera saa 4:00 alfajiri. Kumbuka pia kwamba Marekani husogeza saa zake mbele Jumapili ya pili ya Machi, ilhali Ulaya hufanya hivyo Jumapili ya mwisho ya mwezi huo, na nchi nyingi hazisogezi kabisa. Miadi iliyowekwa Februari kwa ajili ya Machi ihakikiwe upya siku moja kabla.

Baada ya ziara wanafunzi wafanye nini?

Warudie kwanza makisio waliyoyaandika. Wafute yaliyokuwa makosa kwa mstari mmoja unaoacha maneno yasomeke, na waandike pembeni ushahidi uliowabadilisha mawazo. Kisha wachague kitu kimoja walichokiona na wakiandikie maelezo ya maneno hamsini, kama bango la makumbusho, yanayosema kitu ni nini, nani alikitumia, na tumejuaje. Frederick Douglass, mpigania kukomeshwa kwa utumwa aliyezaliwa utumwani, alinunua nyumba ya Cedar Hill mjini Washington mwaka 1877, na ndani yake kuna fidla aliyokuwa akiipiga. Kuyabana maisha yanayoelekea kwenye fidla hiyo katika maneno hamsini ni zoezi gumu la uandishi, na nimeona wanafunzi walalamikao kwamba insha ni ndefu wakiomba maneno zaidi.

Zoezi la kuchora nyumba zao wenyewe hupendekezwa mara nyingi. Lifanywe kwa hadhari. Wapo watoto wasio na nyumba ya kudumu, na wapo ambao nyumba yao si mahali wanapotaka kupaonyesha. Wape wote uhuru wa kuchora mahali popote wanapopafahamu vizuri: nyumba ya bibi, bweni, au darasa lenyewe.

Je, ziara ya mtandaoni inaweza kuchukua nafasi ya kufika mahali penyewe?

Hapana. Harufu ya mbao za kale, ubaridi wa ukuta mnene na udogo halisi wa chumba havipiti kwenye skrini, na picha za nyuzi 360 hasa huvifanya vyumba vionekane vikubwa kuliko vilivyo. Ndiyo maana ni vizuri kupima chumba kimoja cha nyumba hiyo kwa vipimo alivyovitoa mwongozaji, na kukichora kwa chaki kwenye sakafu ya darasa au uwanjani, kisha wanafunzi wasimame ndani yake kwa idadi ya watu walioishi humo.

Nyumba tunayoitaka haina ziara ya mtandaoni. Tunaweza kuitengeneza wenyewe?

Mnaweza, na simu janja moja inatosha kuanzia. Pateni kwanza ruhusa ya maandishi kutoka kwa wamiliki au mamlaka inayoisimamia, na kama bado kuna wanafamilia wanaoishi humo au karibu, wao ndio waulizwe kabla ya wote ni vyumba vipi visipigwe picha. Pigeni kila chumba kutoka pembe zake nne, kwa mwanga wa mchana, bila kusogeza kitu chochote kutoka mahali pake. Baada ya kila chumba pigeni picha za karibu za vitu vitatu au vinne pamoja na rula kuonyesha ukubwa. Wanaoifahamu nyumba warekodiwe kwa sauti chumba kwa chumba, wakisema wanachokijua na waliambiwa na nani. Picha zinazoonyesha makufuli, namba za nyaraka au vitu vya thamani vinavyoweza kuibwa zisiwekwe mtandaoni. Majalada yote yahifadhiwe mahali pawili tofauti, nakala moja ikiwa mikononi mwa wenye nyumba, yakiwa na tarehe ya kupigwa picha na jina la kila chumba kama familia ilivyokuwa ikikiita.